Mila ya Meno Iliyozaliwa Leo Kianjai

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Nguo nilikuwa nazo zote mwilini (na leso juu yake), lakini nimevuliwa. Naandika haya tukiwa ndani ya gari tunarudi Embu. Tumeshapita Nkubu na hakuna anayeniangalia usoni.

Wacha nianze mwanzo. Mnajua taya langu. Nikitafuna linalia ka! Nikipiga miayo linakwama, na maumivu yanapanda mpaka sikioni. Nilitia dawa ya sikio weee, na sikio la watu halikuwa na kosa lolote. Mwishowe daktari wa meno akaniambia kwamba ninasaga meno usingizini, na mchana ninayauma nikisahihisha insha (angesoma hizo insha angeuma yake pia). Akanitengenezea splinti. Ni kifaa cha plastiki ngumu, hakina rangi, kina umbo kamili la meno yangu ya juu. Ukikivaa, meno hayasagani na kiungo cha taya kinapumzika. Nivae usiku na mchana, nivue nikila tu. Kimenisaidia, sitasema uongo. Lakini ukikikuta mezani hujaambiwa, utadhani ni meno ya mzimu.

Sasa leo tulikuwa tunaenda Kianjai kumwombea kaka yangu Njeru mke. Njeru amevuka arobaini. Safari ya kwanza alipopeleka wazee kwa watu, mjomba wetu mmoja aligombana na baba wa msichana juu ya mpira, na mambo yakaishia hapo hapo. Safari hii amempata Kendi, msichana mtulivu, mwenye kazi yake, anayempenda. Mama yetu magoti hayamruhusu kusafiri, kwa hiyo alitusindikiza hadi mlangoni tu. Akasema, "Mkiharibu hii nayo, msirudi kwangu. Mlale huko huko." Hakuwa anacheka.

Tulifika. Tukaimba langoni, wakatuimbia, wakatufungulia. Sisi wanawake tulikuwa na viondo mgongoni, vimejaa sukari, unga, majani chai na ndizi. Tukaviweka chini ndani ya hema, kila mtu akaketi karibu na chake. Chakula kikaja. Mukimo! Mbuzi! Nikageuka kando, nikavua splinti. Kijisanduku chake nimekisahau nyumbani. Mkoba uko kwenye gari. Nguo haina mfuko. Nikaifunga kwenye kitambaa changu cheupe kipya, kile nilichokishona maua pembeni, nikakisukuma ndani ya kiondo chini ya ndizi. Nikajiambia nitaitoa nikimaliza kula.

Kwetu viondo hupelekwa jikoni, wanawake wanavifungua taratibu huko, na wewe mwenye kiondo upo. Nikadhani ni hivyo kila mahali. Loo! Nikiwa bado na mfupa mkononi, wanawake wa kwao wakainuka na wimbo, wakabeba viondo vyote mpaka mbele ya wazee. Kwa familia hii, viondo hufunguliwa hadharani, kitu kimoja kimoja, na kila kitu kinapigiwa vigelegele!

Nikainuka. Jirani yangu akanivuta nikae. "Mwalimu, tulia, bado hatujaitwa."

Aliyekuwa akifungua ni shangazi ya Kendi, wote wanamwita tata Karimi. Ana sauti ya kuongoza kwaya tatu kwa mpigo. "Sukari!" Vigelegele. "Unga!" Vigelegele. Akafika kwangu. "Ndizi!" Vigelegele. Kisha mkono ukazama mpaka chini, ukatoka na kitambaa changu cheupe.

"Na hii ndogo, imefungwa na maua! Hii si ya watu wote. Hii ni ya mama ya msichana!"

Mama Kendi akainuka na tabasamu. Akacheza kidogo akielekea mbele. Akakifungua kitambaa polepole, akaitoa, akaiinua juu watu waone. Jua likaipiga. Meno yangu yakang'aa mbele ya ukoo mzima.

Vigelegele vilikatika hewani. Mwanamke mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Shindwe! Kwa jina la Yesu, shindwe!" Mzee mmoja akavaa kofia, ishara ya mtu anayeondoka. Njeru akawa rangi ya majivu.

Nikainuka niseme ni yangu. Nikafungua mdomo. Taya likakwama! Wazi! Neno halitoki, mdomo haufungiki, nimesimama pale nanyoosha kidole kwenye yale meno kama mtu aliyeyatapika.

"Ngai! Yametoka kwake!" akasema tata Karimi.

Hapo ndipo baba mdogo Nyaga, msemaji wetu (na mzee wa kanisa, tafadhali), alipoinuka, akakohoa, akatengeneza koti.

"Mama, usiogope. Hiyo ni mila ya kwetu Embu. Tukikuja kuomba msichana, dada ya bwana analeta meno kwa mama ya msichana. Maana yake, huyu msichana akifika kwetu, hakuna wifi atamuuma."

Nilishangaa mpaka nikasahau maumivu. Mila gani? Ya wapi?

Tata Karimi akanikagua. "Lakini naona ako na meno yake yote kwa mdomo."

"Hayo ni ya kula," akasema baba mdogo bila kupepesa macho. "Yenye ameleta ni ya kuuma."

"Na mbona hafungi mdomo?"

"Anawaonyesha hajaficha mengine."

Nikashika mashavu, nikayasugua polepole jinsi daktari alivyonifundisha, nikijaribu kulegeza taya huku machozi yakinitoka. Ka! Likarudi. Hata mzee mwenye kofia aliusikia ule mlio. Mama Kendi akanigeukia.

"Mwalimu, ni ukweli hii mila iko?"

Nikamtazama Njeru. Alikuwa amefumba macho, midomo inachezacheza, anaomba. Kendi kando yake amejiziba uso na leso, mabega yanatikisika (yeye anaijua splinti yangu vizuri sana). Nikamkumbuka mama nyumbani.

"Ni ukweli, mama."

Mimi! Mwalimu wa dini!

Mama Kendi akasema, "Mila nzuri hii. Mimi nimeipenda." Hema likalipuka. Mzee akavua kofia. Waliyoongea baada ya hapo yalikuwa matamu tu, na kabla ya chai tulikuwa tumekubaliwa. Njeru alilia mbele za watu. Nami nikaanza kupumua.

Lakini mama Kendi hakuwa amemaliza. "Zawadi ya mama hairudi. Haya meno yatakaa hapa kwangu mpaka siku ya harusi."

"Tumekubali!" akasema baba mdogo. Hakuniuliza! Hata kunitazama hakunitazama!

Wakati wa kuaga nilimfuata mama Kendi kando ya tangi la maji nimbembeleze. Kabla sijasema neno, akaangalia huku na huku, akafungua mdomo kidogo, akasukuma kwa ulimi. Safu yote ya chini ikainuka. Ya bandia!

"Yangu hulala kwa kikombe," akaninong'oneza. "Hiyo yako nitaiwekea kikombe yake."

"Kwa hivyo ulijua, mama?"

"Nilijua nikifungua tu. Lakini huyo mzee wenu alikuwa anaongea vizuri, nikaona nisimkatishe."

"Basi nirudishie, mama. Tafadhali."

"Aa-aa. Mila ni mila."

Harusi ni Desemba. Njeru amepata mke, mama atatufungulia mlango, baba mdogo anakoroma kiti cha mbele kama shujaa, na taya langu limeshaanza kulia. Nimembembeleza bwana harusi tangu Meru mjini asogeze tarehe, anasema mbona nina haraka kuliko yeye.

Msicheke. Na mkishindwa, chekeni na zamu yangu pia, kwa sababu daktari amenikataza kufungua mdomo wazi, na splinti yangu imelazwa Kianjai kwenye kikombe.