Nani Atatumia Kompyuta Hii?

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu anastaafu Jumamosi. Miaka thelathini na moja ya ukunga, zahanati ile ile, mlango ule ule wa kijani. Kwa miaka miwili sasa, kila jioni, amekuwa akiandika kwenye kompyuta yetu orodha ya watoto wote aliowapokea. Wamefika elfu moja na themanini na watatu. Kila mtoto na mstari wake: tarehe, uzito, na jambo moja analomkumbukia. Madaftari ya zamani aliyoyanakili yaliingiwa na maji, yakatupwa. Orodha iko kwenye kompyuta tu.

Leo asubuhi kaniomba nimchapie ikifika Ijumaa, kurasa zote, akawasomee wenzake siku ya kuagana. Nikamwambia hilo dogo. Akaniangalia kama anavyomwangalia mama mjamzito anayesema hasikii uchungu.

Alipotoka nikawasha kompyuta. Pembeni pakatokea tangazo: toleo jipya la mfumo liko tayari. Haraka zaidi, salama zaidi, rahisi zaidi. Nikawaza. Faili la mke wangu huchukua dakika nne kufunguka. Akisubiri, hushona vifungo. Nikimpa kompyuta yenye mwendo, zawadi gani itaizidi? Na Shemeji naye atanyamaza. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, fundi wa redio na televisheni, kibanda chake kiko mtaa wa pili. Tukizungumza habari za umeme, huniongelesha polepole kama mtu aliyelazwa wodini. Mimi nimesoma mita za maji miaka ishirini na sita. Mashine nazijua.

Nikabonyeza "Kubali".

Saa nne, asilimia kumi na mbili. Saa sita, thelathini. Saa nane, thelathini vilevile. Nikaifuta vumbi, labda itajisikia vizuri. Saa tisa ikajizima, ikajiwasha, ikaniuliza nani atatumia kompyuta hii. Swali la heshima. Nikaandika jina langu, na mbele yake nikaongeza "Mtaalamu". Ikanikaribisha kwa picha ya mlima wenye theluji. Safi kabisa.

Safi mno. Juu ya kioo hakuna kitu. Picha zetu hazipo. Orodha haipo. Nimetafuta mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta. Nalo tupu.

Mke karudi saa kumi na moja. Nimemwambia umeme leo hautulii, asiwashe kompyuta. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu, imetulia tuli.

Jumanne, 4 Machi

Hali ya mgonjwa asubuhi hii. Sauti hakuna. Herufi zimekuwa kubwa kama za kibao cha barabarani, neno moja linajaza kioo. Saa yake iko nyuma saa saba. Printa iko pale pale mezani, waya umechomekwa, lakini kompyuta inasema haijawahi kuona printa maishani mwake.

Yote hayo nitayavumilia. Orodha ndiyo inayoninyima pumzi.

Mke akiwa kazini, nimeingia mtandaoni. Nimeandika kwa vidole viwili: jinsi ya kurudisha faili la mke lililopotea bila mke kujua. Kabla ya kusoma majibu nikaona bora nitengeneze sauti kwanza, huenda kuna maelezo ya kusikiliza. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kimya. Nikabonyeza vingine.

Sikumsikia mke wangu akiingia. Zahanati ilikuwa shwari, kaja kula nyumbani. Alikuwa jikoni anapasha chakula wakati sauti iliporudi. Ilirudi yote. Kumbe kompyuta hizi zina mwanamke ndani anayewasomea wasioona vizuri, na mimi ndiye niliyemwamsha. Akasoma nilichoandika, kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka jana, neno kwa neno: jinsi, ya, kurudisha, faili, la, mke. Majirani wangeweza kuandika imla. Nilichomoa waya ukutani alipofika kwenye "kujua".

Mke akauliza huyo ni nani. Nikasema redio.

"Redio za siku hizi zinajua mambo," akasema, akaniuliza kama nataka nyama nyingine.

Nimeponea chupuchupu.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaza mpango mwingine, na huu hauhitaji kompyuta. Nitaiandika orodha upya mwenyewe, kwa mkono.

Si wazimu kama inavyosikika. Miaka yote hiyo, akirudi kazini, mke wangu huvua viatu, hunyoosha miguu juu ya stuli, na kunisimulia. Mimi husema "ehe" na "kumbe". Leo nimekaa na daftari nikajaribu kukumbuka. Yuko aliyezaliwa ameshika kidole cha mkunga, akakataa kukiachia mpaka wakamwosha nacho. Wako mapacha ambao baba yao alizimia, ikabidi naye atafutiwe kitanda. Yuko wa gramu elfu moja mia tatu, aliyebebwa kifuani siku kumi na moja kwa zamu, hata mfagiaji alibeba. Yuko wa siku ya mvua ya mawe. Yuko yule ambaye hakulia, mke wangu akampulizia hewa na kumsugua mgongo, akampulizia na kumsugua, na alipolia wakalia wote chumba kizima. Siku ile mke wangu alirudi akakaa mlangoni na viatu vyake. Nikamletea chai pale pale chini, nikakaa naye.

Sikujua kama nilikuwa nasikiliza hivyo.

Mpaka saa kumi nilikuwa nimefikisha arobaini na mmoja. Bado elfu moja na arobaini na wawili. Mkono umekufa ganzi.

Mke karudi, kauliza kama umeme umetulia. Nikasema unaelekea kutulia. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Kiganja chake kina harufu ya sabuni ya zahanati, miaka thelathini na moja sabuni ile ile. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikapiga mwayo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga moyo konde nikaenda kibandani kwa Shemeji. Nilimkuta ameinamia televisheni iliyofunguliwa mgongo. Nikamwambia nina rafiki, mstaafu mwenzangu, mtu makini sana, ambaye aliweka toleo jipya kwenye kompyuta na faili zikapotea. Shemeji hakuinua kichwa.

"Huyo rafiki yako," akasema, "kompyuta yake ina ufa pembeni, na stika ya kiboko?"

Nikasema ndiyo, inafanana.

Akafunga kibanda. Hakucheka. Hilo lilinitisha kuliko kama angecheka.

Nyumbani alikaa kwenye kiti changu, akatazama mlima wenye theluji na jina langu juu yake, Mtaalamu na yote. Akauliza nani aliandika hivyo. Nikasema mashine iliuliza. Akavuta pumzi ndefu, akaniongelesha kwa ile sauti ya wodini.

"Shemeji, umejenga chumba kipya, ukajifungia ndani, halafu unalia kitanda kimeibiwa. Kitanda kiko chumba cha zamani. Hebu ona."

Akabonyeza mara mbili, mlima ukaondoka, na jina la mke wangu likatokea. Lilikuwepo siku zote, kwenye kona, dogo. Nikakaa bila kuangalia, juu ya printa.

Lakini mlango wa chumba hicho una nenosiri. Zamani kompyuta ilikuwa imelikariri. Toleo jipya linataka mtu aliandike mwenyewe. Nikajaribu siku aliyozaliwa binti yetu wa kwanza. Sivyo. Nikajaribu jina la mama mkwe. Sivyo. Nikajaribu tarehe ya ndoa yetu. Sivyo, na Shemeji akaniambia pia kwamba tarehe yenyewe nimeikosea, dada yake angesikia ningelala nje. Akaniondolea mkono kwenye kibodi: nikikosea zaidi itajifunga. Hapa anahitajika mwenyewe, akasema. Kamwambie. Akarudi kwenye televisheni yake.

Mke alipofika sikumsubiri hata avue viatu. Nilisema yote pale mlangoni, kuanzia asilimia thelathini. Umeme, redio, vyote. Nilisema samahani mara nyingi, hata zikaanza kugongana.

Akaning'iniza mkoba wake. Akasema anajua tangu Jumanne. Yule mwanamke wa redio alisema waziwazi.

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nikiuliza, ungeniambia imepotea. Nikaona nisiulize kwanza."

Siku mbili alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake, huku akinipima homa. Sijawahi kujiona mdogo kiasi hicho.

Akakaa, akavaa miwani, halafu akanisogezea kibodi. Akasema macho yake yamechoka, yeye atataja, mimi niandike, na nisikosee. N. I. P. O. Nikaandika kwa kidole kimoja. N. J. E. Y. A. Nikawa sielewi, naandika tu. G. E. T. I.

Nikasoma nilichoandika. Nipo nje ya geti.

Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mlinzi wa zahanati ampelekee ujumbe, enzi hizo mabinti ni wadogo na simu hatuna. Asubuhi akimaliza zamu, mimi na baiskeli na chupa ya chai. Mwambie nipo nje ya geti.

Nikasema nina vumbi machoni. Akasema bonyeza hapo chini, ingia.

Kitanda kilikuwepo. Watoto wote elfu moja na themanini na watatu, wamelala kwenye mistari yao.

Ijumaa, 7 Machi

Printa. Asubuhi nzima haitambuliki. Nimeizima, nimeiwasha, nimeichomeka kila tundu lililopo, pamoja na moja ambalo si la printa. Shemeji kapita kwa dakika tano akielekea kazini, akaifuta kabisa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha akaitambulisha upya kama mgeni. Ikakubali. Nimesema ndivyo nilivyokuwa nataka kufanya. Akaangalia saa, akaondoka.

Wino mweusi umekauka. Kurasa zote arobaini na nne zimetoka zambarau. Nilimpelekea mke wangu nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Akasema zambarau inapendeza.

Alipokuwa akizipanga mezani akaliona daftari langu la Jumatano, lile la arobaini na mmoja. Nilitaka kulinyakua. Alishaanza kusoma. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akilinganisha na karatasi zake, na mimi nimesimama kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Kwenye wa siku ya mvua ya mawe akasimama. Akafunua kurasa zake mbele, akafunua nyuma.

"Huyu hayumo," akasema polepole. "Nilimsahau."

Na mwingine tena, msichana aliyezaliwa kwenye benchi la nje kwa sababu alikuwa na haraka. Naye alikuwa amesahaulika. Mke wangu akachukua kalamu, akawaandika chini kabisa kwa mkono wake. Elfu moja na themanini na watano. Kisha akauliza hayo yote nilikuwa nayakumbukaje, naye alidhani nikisema "ehe" nasikiliza mpira.

Nikasema ehe.

Jumamosi, 8 Machi

Amesoma kwa saa nzima, na hakuna aliyetoka. Wauguzi, mlinzi, mama wa usafi, wote wamekaa kwenye mabenchi ya wagonjwa. Dereva wa gari la dawa, mtu mrefu wa kuinama mlangoni, alikuwa anashusha maboksi. Mke wangu akamwita asimame. Akatafuta, akasoma: mtoto wa mia mbili na kumi na mbili, kilo mbili na robo, alipiga chafya kabla ya kulia. Dereva akaweka boksi chini, akaziba uso kwa kofia yake.

Mwisho kabisa akashukuru watu. Akanitaja na mimi. Alisema, mbele ya zahanati nzima, kwamba orodha hii isingechapwa bila mume wake, mtaalamu wake wa kompyuta. Wakapiga makofi. Shemeji alikuwa nyuma, akatoa kicheko chake cha puani. Hakikunisumbua.

Mtaalamu. Kalisema mwenyewe, tena mbele ya mashahidi.

Jumapili, 9 Machi

Wenzake wamempa zawadi ya kuagana: cherehani ya umeme. Nyeupe, ina kioo kidogo na mishono sitini. Alipoiona alishika mashavu. Anasema sasa ana muda, atashona nguo za vichanga, apeleke zahanati.

Mchana huu kajilaza. Amelala fofofo, mikono juu ya kifua, miguu kwenye mto. Miaka thelathini na moja ya kusimama.

Nimelifungua boksi taratibu ili nisimwamshe. Kitabu cha maelekezo kina kurasa themanini, na ukurasa wa kwanza unasema kisomwe chote kabla ya kuwasha. Wameandika kwa ajili ya watu wa kawaida. Nimeiwasha. Inanguruma kidogo upande wa kushoto, ngurumo ambayo mtu aliyezoea mashine anaijua: mkanda umelegea. Akiamka aikute inaimba.

Skrubu sita zimetoka bila shida. Ya saba imetumbukia ndani.