Seva Iko na Homa

Jumatatu, 10 Februari 2003

Imefika. Wabelgiji waliituma, ikapita Bujumbura, ikapita Uvira, na barabara ya Luvungi ikaitikisa mpaka skrubu mbili zikadondoka. Haidhuru. Nimeifunga mwenyewe, na saa kumi jioni seva yetu ya Bukavu ilikuwa inapokea email. Ndani yake mumekaa posta ya ofisi, database ya majina ya watu waliopotezana kwa sababu ya vita, na VPN, ile njia ya siri ya kuongea na ofisi ya Goma. Papa Modeste, mukubwa wetu, alisema kazi iko nzuri. Hakusema bravo. Atasema.

Georgette alikuja kuchungulia. Yeye ndiye wa phonie, radio ya kuitia vijiji vya mbali. Miaka sita anaita "Shabunda, Shabunda, unanipata?" kwa sauti inayosikika mpaka mutaa wa Cimpunda. Aliuliza kama hiki kisanduku changu kitajua kuongea. Nilimujibu phonie ni kitu cha wakati wa babu zetu. Akacheka. Sikupenda kile kicheko.

Mupango wangu: seva isimame wiki moja bila kuanguka, Papa Modeste aone, phonie ifungwe. Chumba cha Georgette kiko na dirisha la kutazama ziwa. Nimepima. Meza yangu inaingia.

Shida ni vumbi. Tangu wiki iliyopita nilimuomba Maman Domitille anifumie kitambaa cha kufunika seva. Yeye ndiye anapokea familia zinazokuja kutafuta watu wao, na yeye mwenyewe anatafuta. Floribert, mume wake, alipanda ndege ya Shabunda na makatoni ya sabuni na chumvi. Vita ikafunga njia. Miaka miwili sasa, hakuna barua. Ijumaa hii misioni ya Shabunda itatutumia kwa email orodha ya watu waliotoka porini wazima.

Kitambaa kiko tayari. Cheupe, na maua pembeni, kama kile cha juu ya televisheni. Seva imependeza sana.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi nimekuta seva imekufa. Iko moto kama sufuria. Nimeifunua, nimeiamsha, ikaenda vizuri nikiwa mbele yake. Saa sita nimeifunika, nikaenda kula bugali. Kurudi, imekufa tena.

Nimetafakari. Nikiwa hapa, inaishi. Nikiondoka, inakufa. Basi imenizoea. Nimemweleza Papa Modeste kwamba mashine za kisasa zinamutambua fundi wao. Alinitazama muda murefu.

Jumatano, 12 Februari

Ni mawimbi ya phonie! Nilikosaje kuliona mapema? Nimeandika rapport ya kurasa nne, na michoro. Papa Modeste akamuomba Georgette anyamaze nusu siku. Akanyamaza. Aliketi mulangoni akitafuna karanga, moja moja, akiniangalia. Mimi nikafunika seva vizuri, nikaenda kuketi upande mwingine ili jaribio liwe la haki.

Ikakufa. Georgette aliuliza kama karanga nazo ziko na mawimbi.

Alhamisi, 13 Februari

Hali ni mbaya. Database imeharibika, majina mia moja na kumi na mbili hayafunguki. VPN inakatika kila saa. Nimebadilisha password. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha password tena.

Halafu nikaigusa na kiganja, kama mama anavyomugusa mutoto kwenye paji la uso, nikaelewa. Homa. Hii mvua ya Februari, hii baridi inayopanda kutoka ziwani, na mashine yenyewe ni mugeni. Mutu wa homa anafanywa nini? Anafunikwa, anatoka jasho, anapona. Mama yangu alilea watoto tisa namna hiyo na wote tuko wazima. Nimeleta blanketi la nyumbani. Joviale, muke wangu, aliuliza nani analala ofisini. Nilimwambia mambo ya kazi hayaelezwi jikoni.

Ijumaa, 14 Februari

Siku mbaya. Maman Domitille alikuja amevaa kitenge cha kanisa. Aliketi mbele ya skrini toka saa mbili, mikono kwenye magoti. Saa nane Goma walipiga simu. Email ya Shabunda imepitia kwao, imejaribu kuingia kwetu mara sita, seva yetu haikufungua. Itajaribu tena kwa siku tano. Kisha mashine yao itaitupa.

Nilimwambia Maman Domitille kosa liko Goma. Ulikuwa uongo. Aliniita tonton, mujomba, akasema aksanti, akaenda kuchemsha chai kwa watu wote. Georgette akaita Shabunda, lakini padri mwenye orodha alikuwa ametoka kwenda vijijini. Nimeketi jikoni karibu na Maman Domitille, nikamupangia vikombe. Roho iliniuma, naandika hivyo hivyo.

Kabla ya kutoka nimekunja blanketi mara mbili, nikaifunika seva mpaka chini.

Jumamosi, 15 Februari

Maman Domitille amechukua kitambaa na blanketi kwenda kufua. Anafua kila Jumamosi, hata dunia ikiwaka. Nimepinga. Nimesema mugonjwa hafunuliwi hivi hivi. Alijibu kitu cha ofisi hakilali Jumapili kikiwa kichafu, na blanketi inanuka. Mvua imenyesha, haitakauka leo. Nimeiacha seva uchi, nimeiombea, nimekwenda nyumbani na huzuni.

Jumatatu, 17 Februari

Imesimama siku mbili! Email mia mbili na tatu zimeingia. Orodha imo. Kwenye mustari wa ishirini na saba: Floribert, muuzaji wa sabuni, yuko misioni, mguu ulivunjika umeungana.

Maman Domitille hakupiga kelele. Alisoma mara tatu, kidole kwenye skrini, kisha akaketi sakafuni. Georgette alilia wazi. Mimi nilitoka nje kidogo kuangalia antena.

Nilianza kueleza kwamba ni maombi yangu. Georgette akaweka mukono juu ya seva na kuniambia niweke wangu. Baridi. Akasema nilikuwa naifunga pumzi, kwamba yale matundu ya nyuma ni pua zake. Papa Modeste alicheka mpaka akavua miwani. Nimekubali mbele ya wote. Kosa lilikuwa kitambaa na blanketi. Mimi si mutu wa kukataa ukweli.

Jumatano, 19 Februari

Georgette amemuleta Floribert kwenye phonie. Saa tatu kamili, sauti yake, mbali, na kelele za upepo ndani. Kwa phonie, ukimaliza kusema lazima useme "à vous", mwenzako ndipo ajibu. Maman Domitille akasema nimekungoja, à vous. Floribert akauliza kama watoto wako shuleni, na nani aliuza baiskeli yake, à vous. Kila mutu akacheka na kupangusa macho. Ndege ya muzigo itatoka Shabunda kuja Bukavu, na majina ya abiria yatatumwa kwetu kwa email Ijumaa. Bila jina kuthibitishwa na ofisi yetu siku ileile, kiti kinapewa mwingine. Papa Modeste alinishika bega, akasema bravo. Niliisikia vizuri.

Jambo moja tu. Watu thelathini walikuja kusikiliza, na viatu vyao vimeleta vumbi mpaka kwangu. Nguo juu ya seva, hapana, nimejifunza. Nimekwenda Cimpunda kwa fundi wa mbao. Ananitengenezea kabati ya libuyu, mbao nzuri ya kwetu, milango miwili, kufuli, bila tundu hata moja. Aliuliza kama aache nafasi nyuma. Nimemukataza. Amesema basi mbao zake zitashikana hata hewa haitapita, nikamwambia hiyo ndiyo kazi ninayotaka.

Italetwa kesho, ili Ijumaa jina la Floribert likifika, likute seva iko salama ndani, na ufunguo mufukoni mwangu.