Pafu Langu la Kushoto Halina Kosa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepigwa na butwaa. Mwalimu wa kuzamia ametangaza asubuhi kwamba anataka msaidizi, na hatachukua mtu wa nje. Atakayeongoza kwenye mtihani wa nadharia Jumatatu ijayo ndiye. Tunaofanya ni wawili tu: mimi ninayesuuza suti za kuzamia za wageni, na wifi yangu anayekaa mapokezi na kukausha rangi ya kucha. Miaka sita nasuuza suti! Mgeni anatoka majini, anaapa kwamba hakukojoa ndani, na mimi ndiye ninayebaki na ukweli kwenye ndoo. Nafasi hii ni yangu.

Nikafungua kitabu cha nadharia. Nilitegemea samaki. Kurasa thelathini na mbili za mapafu. Alveoli. Utando wa pafu. Ujazo baki. Nyumothoraksi, maana yake hewa imevuja kifuani na pafu limesinyaa. Hilo moja nimelisoma mara nne, bado linanikwama kooni.

Jumanne, 4 Machi

Wifi anajua! Nimemkuta akimweleza mgeni, bila kitabu, kwamba mzamiaji akizuia pumzi huku akipanda juu, hewa hutanuka kifuani hadi vifuko vya pafu vipasuke. Mgeni akaghairi kuzamia. Kisha wifi akaniambia kwa upole kwamba nikitaka atanisaidia kusoma. Anisaidie yeye, ambaye siku ya harusi yangu alimnong'oneza kaka yake kwamba muda wa kughairi bado upo.

Nikamjibu asante, kitabu nimeshakimaliza. Niko ukurasa wa tatu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia. Anayejua mapafu ni daktari, na daktari ukimpa dalili lazima akueleze. Nitaokota dalili kitabuni, nimpelekee, yeye ataje majina yote, na simu iwe mkobani inarekodi. Namba ya daktari wa kifua nimeitoa kwenye ubao wa matangazo pale pale kazini, wala sikuhangaika. Baba Watoto amenikuta nakohoa mbele ya kioo. Nimemwambia ni vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari ni mtu mpole, wa kuchorachora. Nikamwambia nina kichomi upande wa kushoto. Akachora mapafu, akataja utando wa nje na wa ndani. Safi. Nikaongeza kwamba ngozi ya shingo inatoa mlio nikiibonyeza. Akabonyeza. Kimya. Nikasema inalia asubuhi tu.

Akanipeleka kupigwa picha ya kifua. Picha ikarudi haina doa, na yeye akaanza kufunga faili. Nyumothoraksi hajaigusa, emboli, ile hewa inayoziba mshipa wa damu, hajaigusa, na mtihani umebakiza siku nne! Basi nikasema, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba pafu hilo limewahi kusinyaa lenyewe. Mara mbili. Nikiwa nimekaa tu.

Kalamu ilisimama. Baada ya hapo alinieleza kwa saa nzima, na kila neno ninalo kwenye simu. Na yeye aliandika mengi, maskini.

Jumatatu, 10 Machi

Arobaini na tisa kati ya hamsini! Nimebaki mdomo wazi, mimi mwenyewe. Wifi kapata arobaini na saba. Nilikuwa naisikia sauti ya daktari kila swali. Mwalimu kanipa mkono mbele ya wageni na kunijazisha fomu chache, akasema ni taratibu tu. Nimeingia nyumbani naimba.

Jumatano, 12 Machi

Siamini. Mwalimu ameniita ofisini, akafunga mlango, akanivutia kiti. Moja ya zile fomu ilikuwa ya afya, na hakuna anayezamia na wageni bila mhuri wa daktari. Yangu imerudi. Imeandikwa: pafu lilisinyaa lenyewe mara mbili, asizamie maisha yake yote. Daktari ni yule yule! Ndiye anayepima wazamiaji wetu wote, na ndiyo maana namba yake iko ubaoni. Miaka sita napita mbele ya ubao ule.

Nikadondoka kwenye kile kiti. Mwalimu akadhani ni pafu, akaniletea maji. Alisema anajilaumu kwa kunibebesha mitungi ya hewa muda wote huo. Kuanzia kesho nisiinue hata ndoo. Nitakaa mapokezi. Usaidizi kapewa wifi.

Wifi alilia. Amenishika mikono akasema yuko radhi aikatae nafasi hiyo, mradi nipone. Hilo limenishtua kuliko fomu yenyewe. Nusura nimwambie ukweli, ila nilikuwa na haya.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi kwa daktari na kuungama yote. Kitabu nikakiweka mezani, nikamfungulia ukurasa nilimookota kichomi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kila mzamiaji anayekatazwa hurudi kuapa kwamba alidanganya. Mwaka huu mimi ni wa nne. Nikamkumbusha picha haikuwa na doa. Akasema pafu likishapona ndivyo linavyoonekana.

Nikamuuliza nifanye nini anisadiki kwamba mimi ni mwongo. Akacheka kidogo, akasema labda nilete cheti cha daktari wa akili.

Ijumaa, 14 Machi

Cheti! Jambo lenyewe rahisi hivyo.

Nimeazima maktaba kitabu kinene cha magonjwa ya akili. Kumbe kusema uongo bila kuweza kujizuia ni ugonjwa kamili, una jina refu na dalili saba. Nimezipitia kwa makini hapa mapokezi. Dalili hata moja sina. Miadi ni Jumanne saa tatu asubuhi, na nitamwambia ninazo zote.