Dakika ya Kumi na Tisa

Jumamosi, 4 Oktoba

Na kope zake! Jana nilikomea kwenye kope, usingizi ukanichukua na kalamu mkononi. Ndefu kama za ndama. Leo ni siku ya ishirini na mbili ya ndoa yetu, na bado nikisikia ufunguo mlangoni moyo unaruka kama chura.

Leo nimekwenda uwanjani kwa mara ya kwanza. Mimi ni mgeni katika mji huu, nimeletwa na mapenzi. Mume wangu ni kipa. Mashabiki wanamwita Sumaku, kwa sababu mpira humfuata mikononi. Zamani ulimfuata kila mara. Siku hizi unajifikiria kwanza. Mkataba wake unakwisha mwezi huu. Kocha amesema makipa ni wawili, atabaki mmoja, na ataamua baada ya mechi mbili zijazo. Yule mwingine anaitwa Komeo. Komeo ana mke. Mke ana filimbi. Komeo akiinama kufunga kamba za viatu, filimbi! Watu wanageuka, wanapiga makofi, wala hawajui wanapigia nini.

Mume wangu alidaka mipira mitano. Nilihesabu. Aliyemshangilia ni mimi peke yangu. Mama mkwe alikuwapo, lakini yeye hashangilii. Wanasema huketi pale pale kila mechi, chini ya ukuta wa jukwaa la mashariki, mikono mapajani. Moyoni alishangilia, nina hakika.

Ila nimegundua jambo! Dakika ya kumi na tisa jukwaa letu lilinyamaza. Ngoma ikakatika. Kofia zikavuliwa. Jukwaa la upande wa pili nalo likanyamaza, hata wageni. Nikamuuliza msichana wa kushoto kwangu kuna nini. Akasema hajui, yeye alikuta watu wananyamaza, akanyamaza. Nikamuuliza mama wa kulia. Akaniambia, "Dada, funga mdomo."

Nadhani ni joto. Lakini dakika nzima ya ukimya, maelfu ya masikio, na hakuna anayeitumia! Shamba limelimwa, halina mbegu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefanya utafiti kazini. Tunashona sare za shule, wanawake ishirini na watatu katika safu mbili. Mimi natoboa matundu ya vifungo. Saa nne kamili nikaacha mashine, nikatazama dari. Sikusema neno. Jirani yangu akatazama. Kisha wa nyuma yake. Kufika saa nne na dakika tatu safu zote mbili zilikuwa shingo juu, na msimamizi naye katikati, mdomo wazi.

Akauliza wanaona nini. Mmoja akasema labda bomba linavuja. Mwingine akasema ndiyo, hata yeye ameona tone. Wa tatu akasema limemdondokea. Fundi akaitwa na ngazi. Akagonga bomba kulikagua. Likapasuka. Mashati ya siku mbili yote chapachapa.

Msimamizi akataka kujua nani alianza. Kila mtu akamtazama mwenzake. Mimi pia nikamtazama mwenzangu.

Matokeo ya utafiti: watu huigana. Kinachohitajika ni mmoja wa kuanza, na mimi nimezaliwa kuanza.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango umekamilika. Glovu! Glovu kubwa za njano, kila moja kama mto wa kulalia, zimejazwa vipande vya nguo. Wenzangu saba wa kazini wamekubali. Ukimya ukiingia, tunanyanyua mikono minane, tunaita "Sumaku!" mara tatu. Wa karibu watafuata, kisha wa mbali, kisha uwanja, kisha kocha. Mkataba. Nyumba yenye baraza. Watoto wawili wenye kope zile.

Mchana nilipita kwa Bucha kumweleza, maana siku za kazi anakata nyama na Jumamosi ndiye mpiga ngoma wa jukwaa letu. Nikamwambia kwa mbali tu, kwamba nataka kuanzisha mila mpya. Akacheka na shoka mkononi. Akasema, "Bibi harusi, mila haianzishwi. Inakukuta." Nikamjibu kila kitu kina mwanzo. Akaacha kucheka. Akasema ni kweli, na yeye mwanzo wa yetu aliuona kwa macho yake, wala hamwombei adui yake auone. Nikataka kuuliza, lakini akaja mteja wa maini, na mimi nilikuwa nawaza rangi ya uzi.

Jioni mume wangu hakumaliza chakula. Akaanza kusema Jumamosi hii inatimia miaka kumi na moja, na kuhusu baba yake... Nikamwekea kidole mdomoni. Nikamwambia nyumba hii bado ni mpya, tusiingize huzuni kabla ya makabati. Akatabasamu kidogo. Jamani, lile tabasamu!

Jumamosi, 11 Oktoba. Asubuhi

Nimefika uwanjani kabla ya mageti kujaa. Nimetundika kitambaa: SUMAKU, herufi nyekundu, nimezishona kwa mkono. Pale ukutani, juu ya anapoketi mama mkwe, kuna jiwe limepachikwa, lina maandishi madogo madogo, msururu mrefu. Hakuna anayelisoma. Tena lina misumari pembeni, sijui ilikuwa ya nini, mtu alikuwa amening'iniza maua. Nimeyahamisha chini, taratibu. Kitambaa kimelifunika jiwe lote kama kimepimwa!

Mama mkwe amefika, amevaa nguo nyeusi. Nimemwonyesha kitambaa. Amekaa ghafla. Umri.

Jioni

Sijui niandikeje.

Dakika ya kumi na tisa. Ngoma ikakatika. Tukanyanyua glovu. "Sumaku! Sumaku! Sumaku!"

Vijana wa ngazi za juu wakafuata, nilikuwa nimesema! Mikono mitupu hewani, mia, labda mia mbili. Nilimtazama mama mkwe, machozi yanamtiririka. Nikadhani ni furaha. Nikanyanyua glovu juu zaidi.

Mume wangu aligeuka. Akaacha lango, akageuka mwili mzima, akanitazama. Sijawahi kuona uso ule. Mpira ulipita pembeni yake polepole, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa.

Moja bila. Ndivyo ilivyokwisha.

Bucha alitupa vijiti vyake akapanda ngazi mbili mbili. Alinishika glovu, si mkono, glovu, akaniuliza mimi ni binadamu wa namna gani. Mke wa Komeo alikuwa na filimbi shingoni. Hakuipuliza. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeambiwa.

Miaka kumi na moja iliyopita ukuta wa jukwaa la mashariki uliangukia watu. Dakika ya kumi na tisa. Jiwe lile ni majina. La saba kutoka juu ni la baba mkwe wangu. La nane ni mdogo wake Bucha. Mume wangu alikuwa na miaka kumi na nne, alitumwa kununua maji, ndiyo maana yuko hai. Tangu siku ile, kila mechi, dakika ile ni ya kuwakumbuka. Kwanza walinyamaza wafiwa tu. Halafu waliokaa karibu nao. Halafu uwanja wote, halafu wageni, mpaka wengine hawajui wananyamazia nini.

Nimemuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia. Wiki tuliyokutana, kwenye benchi la kituo cha basi, alinieleza yote, saa nzima. Nimekumbuka lile benchi. Nilikuwa natazama kope.

Amelala chumba cha mbele. Kitanda kimekuwa kipana kama uwanja.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa Bucha kununua nyama, nikiwa na nia ya kuomba radhi. Nikasema nataka nusu kilo ya mnofu. Akanifungia mfupa. Nikasema hiki ni mfupa. Akasema, "Kweli, umeanza kuona." Foleni nzima ikacheka: alianza mmoja wa mbele, wakafuata wote. Sikuacha kuhesabu. Sekunde nne.

Mama mkwe amepita nyumbani. Hakuingia. Alinirudishia kitambaa mlangoni, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe kwa pembe. Nikapiga magoti, nikamwambia mama nisamehe, sikujua. Akasema, "Hukuuliza, mwanangu." Akaondoka.

Ameniita mwanangu! Tena amenipigia pasi! Kuna tumaini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mume wangu aliniomba nisiende. Nilikwenda, lakini bila glovu, na nilikaa nyuma kabisa. Kwa hiyo ni kama sikwenda.

Komeo alianza langoni. Mume wangu benchini, koti limefungwa mpaka kidevuni.

Wageni walikuwa wamesikia habari. Mabasi matatu. Dakika ya kumi na tisa Bucha alikata ngoma, wazee wakavua kofia, na wageni wote wakanyanyua mikono. Walikuwa na glovu! Za njano! Zimeshonwa vibaya, mshono wa nje nje, lakini glovu. "Sumaku! Sumaku! Lala na ukuta!"

Mtu angesema wetu wangekasirika. Wazee walikasirika. Lakini vijana wetu wa ngazi za juu, wale wale wa juzi, waliona mikono iko hewani, wakanyanyua yao. Wakaimba. Wakiwa wanacheka. Sidhani kama walisikia maneno. Msichana wa kushoto kwangu siku ile, yule aliyekuta watu wananyamaza, nilimwona. Sasa alikuta watu wanapiga kelele.

Kisha chupa. Kisha jiwe moja, na baada ya jiwe moja mnajua. Bucha ameshonwa nyuzi sita kichwani. Ngoma imepasuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya yale majina, mikono ameitandaza, kama kipa.

Mume wangu alitoka benchini. Akavuka mstari, akavuka uwanja mpira ukichezwa, akaenda kusimama pembeni ya mama yake. Refa alimwonyesha kadi. Hakuitazama.

Komeo alidaka penalti. Mke wake alilia tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mkataba amepewa Komeo. Kocha alisema kipa anayeacha nafasi yake hana kazi. Mume wangu alisema ni sawa. Ofisini kwao wamebandika tangazo: kuanzia msimu ujao hakutakuwa na kunyamaza, kwa ajili ya usalama. Miaka kumi na moja, imefutwa kwa karatasi moja yenye gundi.

Amefunga mfuko wake jioni. Anakwenda kukaa na mama yake, anayehamia mji wa pili, mwendo wa saa tatu kwa basi. Mama hataki kuukaribia uwanja tena, na yeye hataki mama akae peke yake. Nikauliza kwa muda gani. Akasema hajui. Nikauliza kama bado ananipenda. Alivuta zipu ya mfuko mpaka mwisho. Akasema tatizo si kupenda, tatizo ni kwamba akizungumza nami naona mdomo wake, sisikii.

Mdomo wake ulikuwa unatetemeka kidogo upande wa kushoto. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikiniumiza.

Nyumba ina mwangwi. Makabati yamekuja leo.

Ijumaa, 24 Oktoba

BARUA!

Kwa mkono wake! Kurasa mbili! Mwandiko umelala upande kama majani ya mpunga kwenye upepo. Ile "m" yake ina vilima vitatu vya duara, unaweza kupanda ukashuka. Nimeinusa. Nimeilalia. Nimeionyesha safu zote mbili kazini.

Anasema mama yake hali vizuri. Anasema amepata kazi ya kubeba mbao. Anasema nisije kwanza, anaomba sana, nisubiri mpaka aniite, mama anahitaji utulivu na yeye pia. Ameipigia mstari "nisubiri". Mstari umenyooka bila rula! Mtu hapigi mstari kwa mtu asiyempenda. Ukurasa wa pili sijaumaliza, nimekwama kwenye zile "m".

Nimefikiri sana. Nimejilaumu sana, sili, mashahidi wapo. Na nimeliona kosa langu. Kosa langu lilikuwa sauti. Wale ni watu wa ukimya. Wanataka ukimya, na wamenyang'anywa, nami ndiye wa kuwarudishia.

Wenzangu saba wamekubali tena. Watano, wawili wana udhuru. Tutasimama mbele ya nyumba ya mama mkwe, mstari mmoja, nguo nyeusi. Hatutasema neno. Majirani watatoka kutazama, watasimama. Wapita njia watasimama. Mtaa mzima kimya, vichwa chini, na mama atafungua mlango aone watu wote wale. Akilia mmoja watalia wote. Nimeshapanga nani ataanza. Kitambaa nimekifumua, nimeshona kipya. Safari hii nimeweka jina la baba mkwe. Nililisoma pale kwenye jiwe, la saba kutoka juu. Au la nane. Nitachungulia tena nikipita.

Glovu nitabeba, ila ndani ya mfuko. Hujui.

Mume wangu, ndama wangu, usihangaike kuniita. Basi la Jumatano lina nafasi sita, nimeziwekea majina. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwa mama yako, saa nne na dakika kumi na tisa kamili.