Bi Shamsa na Mlango Unaotazama Watu

Jengo la jumuiya la Mtaa wa Sikukuu, pale Kariakoo, lilikuwa na ulinzi kushinda benki. Benki ina askari anayesinzia. Jengo hili lilikuwa na kamera nne, king'ora cha kuamsha Kigamboni nzima, na mlango wa chuma usio na tundu la ufunguo. Ulifunguka kwa kitu kimoja tu duniani: uso wa mwenyekiti, Bi Shamsa.

Bi Shamsa alikuwa amechoka kuona masufuria ya shughuli yakiota miguu. Akamwita Bryson, fundi wa mitambo, asajili sura yake. Yake peke yake.

"Bi mkubwa, tuweke hata watu wawili. Ukiumwa je?"

"Siumwi."

"Basi mimi nibaki na njia ya kufungulia kwenye simu."

"Ili unifungulie jengo ukiwa baa? Piga picha, kijana."

Bryson akapiga. Ilikuwa siku ya uzinduzi, na Bi Shamsa alikuwa ametoka saluni kwa Najma, aliyemkarabati tangu alfajiri. Nyusi alizopewa na Mungu zilinyolewa, zikachorwa nyingine. Kope za bandia zilipepea kama feni. Mdomo mwekundu, mashavu yanawaka, kilemba cha gele kimepanda ghorofa tatu. Mashine ikamtazama, ikaridhika, mlango ukafunguka wenyewe. Vigelegele vikafika Mnazi Mmoja.

Ramadhani ikaingia, harusi zikasimama, mlango ukakaa umefungwa. Bi Shamsa akawa anawatambia wauza vitenge: "Mwizi ataniibia sufuria, lakini uso wangu ataupata wapi?"

Baada tu ya Idi akafariki Mzee Uledi, fundi saa. Azikwe Kisutu baada ya Alasiri. Jeneza, majamvi na masufuria, vyote vilikuwa ndani ya jengo.

Bi Shamsa akafika kajitanda khanga, uso mtupu bila vipodozi, kama msiba unavyotaka. Akasimama mbele ya mlango. Taa nyekundu.

"Sogea karibu, Mama," akasema Khalfani, aliyekuja na vijana kuchukua jeneza.

Akasogea. Nyekundu.

"Inua kidevu kidogo."

Akainua, king'ora kikalipuka. Wenye maduka wakashusha mageti. Machinga wakakunja biashara zao wakidhani mgambo wamekuja.

Akampigia Bryson, aliyekuwa kwenye pantoni.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Mashine yako imenisahau."

"Haijasahau. Inamsubiri yule niliyemsajili."

"Si mimi?"

"Yule alikuwa na nyusi."

Bi Shamsa akajigusa juu ya macho. Nyusi zake zilikuwa zinarudi moja moja, kama wageni wasio na uhakika wa mwaliko.

"Mama, mzee ameshaoshwa," akasema Khalfani. "Mlango huu kuukata ni mpaka kesho."

"Nijipambe, mtu kafa?"

"Basi tumpakie kwenye mkokoteni."

Ukapita mkokoteni umejaa vitunguu, mwenyewe anatukana watu wampishe. Bi Shamsa akashika njia ya saluni.

Alirudi chini msiba, juu harusi. Mlango ulimwona akiwa bado anavuka barabara, ukafunguka kwa heshima zote. Jeneza likatoka mbio mbio.

"Sasa nipe maji ninawe," akamwambia Najma, aliyemfuata na mkoba wake wa vipodozi.

"Hii haitoki kwa maji, Bi mkubwa. Ndiyo uzuri wake."

Akajifunika khanga mpaka machoni, akaenda nyumbani kwa marehemu, akaingia walikokaa wanawake. Akainama kumpa pole mjane, Bi Sitara. Kope zikanasa kwenye khanga, khanga ikashuka, na uso wote ukatokea, umewaka kama taa za duka.

Kilio kikakatika. Shangazi mmoja wa marehemu, kashuka asubuhi kutoka Lindi, akauliza bila hata kunong'ona, "Mzee alikuwa na mke mwingine?"

Bi Sitara akainua kichwa. Akaziangalia kope. Akauangalia mdomo.

"Shamsa. Kumbe zile Alhamisi asizolala nyumbani alikuwa kwako."

"Sitara, haki ya Mungu, ni mlango. Mlango umenikataa..."

"Na mimi alinificha," akasema Bi Sitara kwa upole. Akasogea, akamwachia nusu ya godoro. "Mleteeni naye nguo nyeupe. Eda tutakaa wote."