Foleni ya Kivulini ya Mzee Eleuterio

Mnanichosha. Kila nikibandika maharage jikoni, mmoja wenu huyo: bibi, hebu tusimulie ile ya Eleuterio na Joka. Kwani mwenyewe hamumwoni? Ana mdomo mpana kuliko mlango wa ghala! Ila habari hii ikiguswa tu, masikio yake yanafungwa kama duka siku ya msiba. Haya, nitasema mimi, mara moja tu, na maharage yakiungua mtakula hivyohivyo.

Eleuterio Cabrales alikuwa mfalme wa foleni. Si mimi niliyempa cheo, alijitawaza mwenyewe. Alisema kule Havana aliweza kuwa kwenye foleni ya mkate, ya dawa na ya mtungi wa gesi kwa wakati mmoja, na huku yuko nyumbani kwake ananyoa ndevu. Hapo, nitake nisitake, hakudanganya sana. Kwetu Kuba foleni haikai miguuni, inakaa mdomoni. Unafika, unauliza nani wa mwisho. Mtu ananyoosha mkono. Unaishika sura yake, unangoja mwingine aje aulize, wewe nawe unamnyooshea mkono, kisha unakwenda zako. Nafasi yako inabaki pale kama msumari ukutani. Oga, pika, gombana na jirani, rudi: utaikuta.

Lakini kuhamia huku Marekani, Florida, kulimvua taji. Huku gari aliliendesha mkwewe, Kiingereza alikisema binti yake, simu aliijua mjukuu. Eleuterio akawa mzigo wa kiti cha nyuma, pamoja na miavuli na chupa ya kahawa. Mfalme gani huyo anayeulizwa mbele za watu kama amekwenda haja kabla ya safari?

Basi mwezi wa Agosti, familia ilipofunga safari kutoka kwao Hialeah kwenda Orlando, kwenye ile bustani kubwa ya michezo, mzee aliona ufalme unarudi. Mjukuu wake Yuliet alikuwa amefikisha kimo cha kuruhusiwa kupanda Joka. Joka lenyewe ni kigari cha reli, kinapanda juu taratibu hadi moyo wako uombe kuteremshwa, halafu kinaporomoka majini. Mtoto alikuwa akiliota tangu ana meno ya utoto. Na tiketi zao zilikuwa za siku hiyo moja tu.

Osmany, mkwe wake, mtu mpole mwenye upara, alitaka kununua zile pasi za kupita mlango wa pembeni bila kupanga foleni. Eleuterio akavimba kama unga uliozidishiwa hamira.

"Ninunue nafasi kwenye foleni, mimi? Tangu lini samaki akanunua maji? Mtoto huyu atapanda Joka leo, na atapanda kwa ujuzi wangu. Asipopanda, msinisikilize tena mpaka mnizike."

Binti yake, Idalmis, alimshika mumewe mkono akamvuta mbali na dirisha la tiketi. Pasi hazikununuliwa.

Walifika kwenye Joka jua likiwa la utosi. Foleni ilizungushwa ndani ya vyuma, inakwenda inarudi, inakwenda inarudi, kama utumbo wa ng'ombe, na watu wakitokota ndani yake. Eleuterio aliwatazama kwa huruma ya daktari anayeingia wodini. Watu wazima, wenye akili zao timamu, wamesimama juani kama mbuzi wanaongoja josho!

Akarekebisha kola, akasafisha koo.

"Nani wa mwisho?"

Mwanamke mmoja mnene mwenye kofia ya ukindu alinyoosha mkono kabla hajajua anafanya nini. Mkono ulipanda wenyewe. Aliitwa Obdulia, mtu wa Camagüey kulekule Kuba, na ilikuwa miaka mingi hajaulizwa swali hilo, macho yalimlowa. Aliyekuwa mbele yake alikuwa wa Matanzas. Mbele ya huyo, ndugu watatu wa Holguín. Mnashangaa nini? Agosti ukirusha jiwe pale Orlando utampiga Mkuba, na litakapodunda litampiga shemeji yake.

Eleuterio alipanda juu ya benchi akatangaza serikali yake. Kila mtu aikariri sura ya aliye mbele yake, kisha wote waende kukaa kivulini, chini ya miti ya mialoni iliyokuwa kando. Waliotangulia ndani wakishapanda, yeye ataita, na watu wataingia kwa zamu, wamepoa, wameshiba. Ilisikika vizuri mno, hata mkia mzima wa foleni ukajitoa kwenye vyuma. Hata wasioelewa neno walifuata. Lilikuwepo jitu moja kutoka majimbo ya theluji, Harlan, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Yeye alidhani mzee ni mkubwa wa bustani, kwa kuwa alivaa shati jeupe la pasi kali na kalamu mbili mfukoni. Nani atabishana na mtu wa kalamu mbili?

Ndugu zangu, kivuli kile kilikuwa kitamu! Sanduku la barafu likageuka meza ya domino. Obdulia akafungua ndizi mbichi za kukaanga na nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa karatasi. Mtu wa Matanzas akalala akakoroma. Kahawa ilizunguka, na kila aliyepokea kikombe alimwita Eleuterio mwenyekiti. Mwenyekiti akakaa na miguu kaitandaza kama mwenye shamba.

Ni Yuliet tu aliyekosa raha.

"Babu, sisi tuko wapi kwenye foleni?"

"Nyuma ya mama mwenye kofia."

"Na yeye?"

"Nyuma ya yule anayekoroma."

"Na wale wanaoingia pale?"

Eleuterio aligeuka. Vijana wa kwaya, fulana za rangi ya chungwa, wengi kama nzige wa mwaka wa njaa, walikuwa wakiingia kwenye vyuma bila kusimama. Aliwakimbilia akawaambia kwa mikono na kwa Kihispania kwamba pana foleni. Wakauliza iko wapi. Akawaonyesha. Vijana walitazama mialoni, wakamwona mtu amelala mdomo wazi na mama anatafuna. Wakatabasamu, wakapiga picha na mzee, wakaingia.

Mnadhani kiongozi alirudi akasema nimeshindwa? Alirudi akasema wale ni wageni maalumu, na wakubwa wa bustani wameshazungumza naye.

Hapo Osmany akaomba ampeleke mtoto msalani. Mzee akamruhusu kwa kidevu. Nendeni bila haraka, akasema, nafasi yenu iko kwangu.

Wakakawia. Domino likaendelea. Safari moja Eleuterio alinyanyua macho, akaona Joka linaporomoka, na kwenye kiti cha mbele kabisa kuna upara unaong'aa kama sahani, na kando yake kitoto kimeinua mikono kinapiga kelele za furaha. Akajiambia watu wanafanana. Baadaye akauona upara uleule unaporomoka tena. Akajiambia duniani wenye upara ni wengi. Akaweka jiwe la sita kwa sita, akashinda mchezo.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, meusi kama chungu, Osmany na Yuliet waliporudi. Nywele za mtoto zilimganda usoni. Viatu vililia maji. Eleuterio aliuliza kama bomba la msalani limepasuka.

"Nimepanda Joka, babu," Yuliet akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwa aliyelala. "Mara tatu. Hakuna foleni kabisa, unaingia tu." Halafu akamkumbatia kiunoni, kwa mapenzi yote aliyojaliwa na Mungu. "Ahsante, babu. Umewatoa watu wote pale kwa ajili yangu."

Domino lilisimama. Obdulia aliacha kutafuna. Vichwa vyote viligeukia vile vyuma: vitupu, vinang'aa, na ndani yake njiwa mmoja anatembea taratibu, wala hapangi foleni.

Nao wakakimbia! Harlan mbele, ndugu wa Holguín nyuma, Obdulia kashika kofia kwa mkono mmoja na nyama kwa mwingine. Walipofika langoni, radi ilipasuka. Binti wa zamu akavuta mnyororo akafunga. Mvua ya Agosti ya Florida haipigi hodi. Ilimwagika kama pipa, ikakaa mpaka jioni, na Joka halikutembea tena siku ile.

Wote walijibana chini ya paa refu la duka la zawadi. Eleuterio alikuwa ameanza kutembea kinyumenyume kuelekea lango kuu, akakutana na tumbo la Obdulia. Mama akaanza kumgombeza. Alimwanzia kwenye kisigino akapanda naye. Mtu wa Matanzas, ambaye usingizi ulikuwa umemwisha kabisa, akataka kudakia, lakini mmoja wa Holguín akamvuta shati.

"Tulia, kaka. Dada hajamaliza. Wewe uko nyuma yake."

Na hapo, chini ya lile paa, ikapangwa foleni iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kusikia. Kila mtu alimjua aliye mbele yake. Hakuna aliyekwenda kukaa. Hakuna aliyelala. Kila mmoja alifika mbele kwa zamu yake, akamweleza Eleuterio Cabrales yeye ni kitu gani, akampisha mwenzake. Harlan alisema kwa kirefu, kwa lugha yake, na Idalmis akamtafsiria baba yake. Waliokuwepo wanaapa tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno. Osmany alishika tu chupa ya kahawa, mpole vilevile, akiwamiminia waliokauka koo kwa kusema.

Mzee alikuwa anahesabu wamebaki wangapi apumue, lakini foleni haikupungua. Ilirefuka! Wakuba waliokuwa wakipita mvuani waliona watu wamejipanga vizuri, na Mkuba akiona foleni anajua lazima pana kitu kizuri mbele. Wakauliza nani wa mwisho, wakaunga. Walipofika kwa Eleuterio hawakuwa na la kumwambia, maana hata hawamjui. Lakini walikuwa wamesubiri muda wote ule, mtu hawezi kuondoka mikono mitupu. Wakamgombeza vilevile.

Basi. Maharage yameungua, nilisema. Sasa wewe uliyekaa hapo unacheka, simama, nenda pale dirisha la duka la dawa ukanishikie nafasi. Na usimame kwa miguu yako miwili. Nikikukuta chini ya mti, utanijua mimi ni nani.