Siku Niliyoipelekea Kisarawe Tauni

Leo nimepatikana. Nimepatikana mbele ya kamati nzima ya zahanati, tena nikiwa nimechomekea. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Kwa msioijua kazi yangu: kila ugonjwa una namba yake inayotumika dunia nzima, herufi na tarakimu. Mimi nachukua vitabu vya wagonjwa vilivyoandikwa kwa mkono, naitafuta namba ya kila ugonjwa, naiingiza kwenye kompyuta, watafiti wanapata takwimu zao. Nakaa Mkuza, Kibaha, ila zahanati yangu iko Kisarawe, kwa nesi anayeitwa Mama Eliwaza. Mama wa Kipare, mwanakwaya, mwandiko wake unasomeka hata bila miwani. Alinipa kitabu cha mwezi mmoja nijaribie, kisha akaniombea kwa kamati nipewe vya miaka kumi. Uamuzi ulikuwa leo. Nikinyimwa, mradi unahamia mkoa mwingine na mimi nabaki Mkuza kufuga kuku.

Jana mchana nilikuwa namalizia. Nikakuta wagonjwa kumi na tisa mfululizo, wote "kuhara". Namba ya kuhara ni A09. Sasa nani ataandika A09 mara kumi na tisa? (Mtu makini. Hakuwepo.) Nikaandika mara moja, nikashika kona ya kisanduku kwa kipanya, nikavuta hadi chini ijirudie yenyewe. Nikaenda kula.

Leo asubuhi kompyuta ikazigeuza namba zote kuwa majina ya magonjwa. Mstari wa kumi na mbili: tauni. Tauni! Wa kumi na nne: kimeta. Mwenzangu mwingine angefungua kitabu akague. Mimi nilipiga pasi shati.

Nikafika Kisarawe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuja wote. Usiniangushe."

Nikawasha projekta. Nikakohoa kidogo, kama madaktari wanavyofanya kwenye runinga. Nikatangaza kwamba utafiti wangu umebaini mgonjwa wa tauni katika zahanati hii, na kwamba kwa bahati mbaya (hapa nilishusha sauti, mjinga mimi) huenda mhudumu hakuutambua ugonjwa.

Mama Eliwaza akaniangalia. Hakukasirika. Aliumia, na niliona. Hata hivyo nikaendelea.

Mzee Pazi, mwenyekiti wa kamati, akasimama. "Tauni? Tufunge gulio? Huyo mgonjwa yuko wapi?"

"Mfumo wetu hauna majina, mzee. Lakini lazima atafutwe leo leo."

"Na kimeta je? Mimi nina ng'ombe!"

Ukumbi ukachafuka. Mama mmoja akajifunika pua kwa mtandio. Ndipo Mama Eliwaza akavaa miwani yake, akafungua kitabu taratibu.

"Hawa kumi na tisa nawakumbuka wote," akasema. "Walikuja kesho yake baada ya kipaimara cha mjukuu wangu. Ile kachumbari ililala. Wa saba ni mimi mwenyewe, nilijiandika. Umenipa ugonjwa gani?"

Nikaangalia ukutani. "Kifua kikuu, mama."

"Na kuimba kote kule!"

Watu wakaanza kucheka. Nami nikakumbuka kitu kuhusu kipaimara kile.

"Mama," nikasema, "labda tuishie hapa."

"Hapana, mgonjwa lazima atafutwe leo leo. Wa kumi na mbili. Jina silitaji, habari za mgonjwa ni siri." Akashusha kidole kwenye mstari. "Mwanaume. Miaka thelathini na moja. Anakaa Mkuza, Kibaha. Kazi yake, mtafiti."



Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Aliyekaa karibu yangu akasogeza kiti mbali.

Ni kweli. Nilialikwa, nikala sahani mbili, kesho yake asubuhi Mama Eliwaza akanitibu kwa mkono wake. Leo nimesimama mbele za watu kumwambia hajui magonjwa. Na kompyuta wala haikukosea. Nilipovuta ile A09 ilidhani nahesabu, ikaendelea: A10, A11, A12, mpaka ikanifikia na A20, tauni yangu.

Nikamwomba msamaha palepale, mbele yao wote.

"Mgonjwa wa tauni atupishe," akasema Mzee Pazi akijifuta machozi ya kicheko. "Kamati ijadili."

Nikasubiri nje, pale wanapokaa kina mama na kadi za kliniki, nikipiga hesabu ya banda la kuku. Baadaye Mama Eliwaza akatoka.

"Vitabu utapewa. Lakini havitoki hapa. Utakaa mezani kwangu, mimi nasoma, wewe unaandika, mstari kwa mstari. Hakuna kuvuta."

Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa kulia. Yeye akanitumbukizia pakiti mbili za ORS, dawa ya wanaohara, kwenye begi. "Za njiani, mwanangu. Hali yako naijua mimi."

Kwa hiyo kazi ipo, na Kisarawe iko salama. Nyie mliosoma mpaka hapa, nawaomba kitu kimoja: msimwambie mtu. Habari za mgonjwa ni siri.